Barua ya Pimbi Mdomoni mwa Simba

Kwanza niwaombe radhi, wanangu. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Aliyenipa alikuwa na mapengo mawili ya mbele, kwa hiyo nusu nilipata maneno na nusu nilipata upepo. Na mimi mwenyewe kichwa changu ni chujio la nazi: machicha yanabaki, tui linapita. Mwenye masikio ya kuchagua aende kwa jirani, kule kuna redio. Aliyebaki asogee, na wewe wa nyuma uache kutafuna.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo Twiga alikuwa bado anazunguka kwa mafundi akitafuta wa kumshonea shati lenye kola, kulikuwa na jabali katikati ya uwanda, na katika nyufa za jabali hilo aliishi Bi Siwatu Pimbi na familia yake. Pimbi mnamjua? Ukimwona utadhani ni sungura aliyesahau masikio yake nyumbani. Mkia hana. Ukimtia kwenye kikapu cha sokoni anaenea, na nafasi ya nyanya inabaki.

Bi Siwatu alikuwa na watoto saba na mume mmoja, Makame, na wote wanane aliwatoa nje kila asubuhi kuota jua. Msicheke. Kwa pimbi kuota jua si uvivu. Asipolipata jua la asubuhi mwili haupati moto, anashinda amejikunja kama mgonjwa wa homa. Basi walijipanga juu ya jabali kwa vimo, mkubwa huku, mdogo kule, Makame katikati amefumba macho, na Bi Siwatu akipanda kileleni kabisa kulinda. Akiona kitu kinakuja, pwiiii, anapiga mluzi, na uwanda mzima unajua kuna jambo.

Sasa, mkuu wa uwanda ule alikuwa Jumbe Simba. Asubuhi moja akaja na mpambe wake Fisi. Akalizunguka jabali. Akalinusa. Akasimama mahali ambapo upepo ulikuwa unapita, manyoya ya shingo yakapepea, akajipenda kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasema kwamba jabali hili linamfaa yeye, na ikifika Ijumaa asimkute pimbi hata mmoja juu yake.

Bi Siwatu akauliza kwa adabu waende wapi. Fisi akajibu kwa niaba ya mkubwa wake kwamba uwanda ni mpana.

Uwanda ni mpana kweli, lakini juu ya uwanda kuna tai. Pimbi aliye mbali na jabali lake anadumu kama andazi mbele ya wanafunzi wa bweni. Bi Siwatu akawatazama wanawe saba, akatazama juu, akaona kivuli cha mabawa kinapita taratibu kwenye nyasi. Akashuka kutoka kileleni mpaka akawa pua kwa pua na Simba, yaani pua yake na ukucha wa Simba.

"Hatutoki," akasema.

Fisi akacheka mpaka akakohoa. Simba hakucheka, alikuwa bado anausikiliza upepo kwenye shingo yake. Akasema tu kwamba wataonana barazani, akaondoka zake.

Hapo ndipo Makame alipoanza kufunga mizigo.

Ngoja niwaambie kwa nini. Uwandani kwao kesi ziliamuliwa kwa desturi moja ya ajabu. Kulikuwa na korongo pana lililokauka. Wenye kesi walisimama upande huu, juu ya jiwe. Hakimu alisimama ng'ambo. Na hakimu alikuwa Twiga, kwa sababu Twiga hana sauti, hivyo hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anampigia mtu kelele za kumsaidia. Kila mmoja alisema maneno yake mara moja, akiwa juu ya lile jiwe. Maneno yaliyovuka korongo yakamfikia Twiga, hayo ndiyo aliyoyapitisha: aliinamisha shingo yake ndefu mpaka pembe zikagusa majani, na kesi ikaisha. Maneno ambayo hayakuvuka yalihesabika kama hayakusemwa.

Kwa desturi hiyo Simba alikuwa amechukua kivuli cha Swala. Alikuwa amechukua dimbwi la Ngiri. Hakuwahi kueleza kwa nini. Alipanda jiweni, ngruuum, "Changu," akashuka. Swala naye alijieleza vizuri sana, maskini, lakini kwa sauti ile ya Swala, na maneno yake yakaangukia katikati ya korongo pamoja na mawe mengine.

"Mama Kombo, tuondoke kabla ya Ijumaa," Makame alikuwa anasema huku anafunga mkeka. Kombo ndiye mtoto wao wa kwanza. "Mluzi wako unavuka, sikatai. Lakini mluzi si maneno. Ukisema neno pale hata mimi niliye nyuma yako sisikii."

Bi Siwatu akamwambia afungue mkeka, aketi juu yake. Kisha akabandua gome la mgunga, pana, laini kwa ndani, akaokota kipande cha mkaa, akasema wataandika barua.

Makame akachangamka. Kuandika alikupenda. Akaomba aanze yeye, akakunja shingo, akaandika kwa nguvu mpaka mkaa ukavunjika mara mbili. Alipomaliza akasoma kwa fahari: kwamba Simba ni dhalimu, kwamba mdomo wake unanuka, kwamba hata mama yake Simba alikuwa hivyo hivyo.

Bi Siwatu akamsikiliza mpaka mwisho. Mke mwema husikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo anapokuua.

"Hayo ni matusi, Baba Kombo. Twiga akiyasikia atajua tumekasirika. Hatajua tunataka nini."

"Kila mtu anajua tunachotaka."

"Basi kiandike."

Makame akakwaruza yale matusi, ila lile la mdomo lilimuuma kulifuta. Akaandika: jabali libaki kwa pimbi. Bi Siwatu akasema vizuri, hilo ndilo dai letu, sasa tuseme kwa nini. Makame akaandika: kwa sababu ni letu.

"Hilo ni dai lilelile, limebadilisha kanzu tu," akasema mkewe. "Umesema libaki letu kwa sababu ni letu. Simba naye anasema ni lake kwa sababu ni lake. Mkikutana hapo, anashinda mwenye meno."

Makame akaweka mkaa chini. Akakuna kichwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda ni kwa sababu ya ule mluzi. Kwamba anayekaa juu anaona mbali, na pimbi wakiona wanawaambia wengine.

Bi Siwatu akampiga bega kwa furaha. Hiyo ni sababu. Akamuuliza nani anaweza kuthibitisha. Makame akasema kila mtu.

"Kila Mtu simjui, na Ijumaa hatakuja. Nipe mwenye jina."

Wakaanza kukumbuka wenye majina. Waliutaja moto wa kiangazi kilichopita, wakamtaja Ngiri, wakamtaja Kobe. Kisha Bi Siwatu akaandika jina la tatu, na Makame alipoliona akainuka mkekani. Lilikuwa jina la Bi Nunu, mke wa Simba.

"Na akikana mbele za watu?"

"Akikana tumekwisha," akasema Bi Siwatu. "Lakini ni kweli, na yeye anajua ni kweli."

Ikabaki kazi moja, na hiyo nusura ivunje ndoa. Bi Siwatu alimtaka mumewe afikiri kama Simba: yeye atasema nini kutetea upande wake? Makame akajibu kwamba Simba hana cha kusema isipokuwa ngruuum. Mkewe akamwambia asimdharau mpinzani, akae, afikiri vizuri, amtafutie Simba hoja nzuri kuliko zile ambazo Simba mwenyewe angezipata. Makame akaona dunia imepinduka.

"Mimi nimwandikie adui hoja zake? Si ni sawa na kumpa fimbo nikamgeuzia mgongo?"

"Hoja hizo zipo, Baba Kombo, tukiziandika au tusipoziandika. Tukizinyamazia, kuna mtu atazisema sisi tukiwa tumeshamaliza kuongea, na hatutakuwa na jibu. Mimi nataka zisemwe kwanza, halafu nizijibu mimi." Akaufikicha mkaa kidoleni. "Tena zitakaa juu kabisa, mwanzo wa barua. Simba akiona sifa zake haachi kusoma."

"Kwani atasoma yeye?"

Bi Siwatu akainamia gome. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Ijumaa ikafika na jua lake. Wanyama wakajaa upande huu wa korongo, ng'ambo Twiga amesimama, kichwa kiko mawinguni huko. Watoto saba wa pimbi wamekaa mstari mmoja chini ya tumbo la Nyati, kwa sababu tai naye alihudhuria, yuko juu anazunguka, anasubiri matokeo.

Simba akapanda jiweni. Ngruuum.

"Jabali ni langu!"

Langu, langu, langu, korongo likarudisha. Masikio ya Twiga yakacheza. Simba akashuka, Fisi akampangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Akapanda Bi Siwatu. Akasema maneno yake kwa nguvu zote alizopewa. Yaliishia kwenye ukingo. Ng'ambo Twiga akatega sikio la kulia, akatega la kushoto, akasogea hadi ukingoni, hola. Fisi akauliza kwa sauti kama kuna mtu amesikia mbu.

Bi Siwatu akatoa gome lake. Akasema hana sauti, hilo linajulikana, lakini maneno anayo na ameyaandika. Anaomba mnyama yeyote mwenye sauti apande jiweni amsomee, desturi haikatazi.

Nyati akagundua kwamba kwato zake ni nzuri sana kuzitazama. Punda Milia akakumbuka ana mgeni nyumbani. Kila mwenye sauti alimtazama Simba kwanza, na akishamtazama sauti inamkauka.

"Naona wote hapa wanaliogopa gome la mti," akasema Bi Siwatu. Akageuka. "Hata wewe, Jumbe?"

Fisi akasahau kucheka. Simba akamtazama pimbi yule kwa muda, kisha uso ukamkunjuka, akaliona jambo lenyewe kuwa ni la kuchekesha. Mtu mzima mwenye meno yake asomewe barua na nani? Lete, akasema, nitaisoma mimi, tena kwa sauti ya juu kabisa, wote tucheke pamoja na hakimu acheke.

Sasa, wanangu, kuna jambo kuhusu Simba ambalo uwanda mzima ulilijua na hakuna aliyelitamka. Shule alikwenda, lakini alikwenda siku za kuimba tu. Alijifunza kusoma kwa kupiga kelele pamoja na darasa, a, e, i, o, u, na kusoma kimya kimya hakuwahi kukuweza. Kila neno lililoingia machoni lilitokea mdomoni kabla halijapita kichwani. Akisoma, mdomo ulitangulia, akili ilifuata nyuma ikihema.

Akapanda jiweni. Akaweka ukucha kwenye mstari wa kwanza.

"Wapo wasemao," akanguruma, "kwamba Jumbe Simba ndiye anayefaa kukaa juu ya jabali."

Wanyama wakatazamana. Simba mwenyewe akalitazama gome upya, kama mtu aliyefungua bahasha akidhani ni wito wa mahakamani akakuta kadi ya harusi.

"Wanasema hakuna mnyama mwenye sauti kama yake, na sauti ikitokea juu hufika mbali zaidi. Wanasema manyoya ya shingo yake yakipigwa na upepo ni fahari ya uwanda mzima."

Hilo la manyoya alilisoma mara mbili. Mara ya pili aligeuka upande ili walioko kushoto nao waone.

"Wanasema pia kwamba pimbi ni wadogo, na mdogo anaweza kujibana popote. Hoja hizi zina uzito, na hatuzichukulii kwa mzaha."

Akasimama kuvuta pumzi. Akamwambia Fisi kwamba huyu pimbi kumbe anaandika vizuri. Fisi akasema hata yeye alikuwa anafikiri hivyo. Makame, huko nyuma, alikuwa ameuma mkia ambao hana.

Simba akashusha ukucha mstari mmoja, akanguruma kwa raha zote:

"Lakini."

Likavuka korongo. Lakini, lakini, lakini.

"Lakini jabali ndilo mahali pekee panapoonekana uwanda wote, na anayekaa juu yake ana kazi ya kuwatazamia walio chini. Kazi hiyo inafanywa na pimbi, kila siku. Kiangazi kilichopita moto ulitokea kusini, mchana wa jua kali. Mluzi ulipigwa kutoka jabalini. Ngiri aliusikia, akawaingiza watoto wake wanne shimoni."

"Kweli," akasema Ngiri kwa mdomo wa pembeni, kama mtu anayesinzia msikitini akasikia jina lake.

"Kobe aliusikia, akaondoka mapema. Kwa mwendo wake hata hivyo gamba la nyuma liliungua. Lipo, litazamwe."

Kobe akajizungusha taratibu ili litazamwe. Ilichukua muda. Wote wakaliona doa jeusi. Simba naye akaliona, akajikuta anatikisa kichwa kukubali, maana akili ilikuwa bado haijafika mdomo ulipokuwa.

"Bi Nunu aliusikia, akawabeba watoto wake watatu, mmoja mmoja, hadi ng'ambo ya korongo. Saa hiyo Jumbe alikuwa chini ya jabali hilohilo, amelala chali, na sauti yake ifikayo mbali ilikuwa inatumika kukoromea."

Akili ikawasili.

Simba akafunga mdomo. Ng'ambo Twiga alikuwa amenyoosha shingo juu ya korongo ili lisimpite hata neno moja. Simba akakitazama kile kimstari kwenye gome kama mtu anayekitazama kisahani cha mchuzi akaona nzi. Kidole kimoja cha mguu kikaanza kuteremka jiweni.

"Jumbe," akasema Bi Siwatu kutoka chini, "kuna neno gumu hapo? Nikusaidie kutamka?"

Kuna mnyama alicheka. Hakujulikana nani, lakini kicheko kilikuwa na pembe. Simba akarudisha mguu jiweni na kunguruma kwamba huo ni uongo.

"Uongo upi? Taja neno lenyewe," akasema Bi Siwatu. "Sisi tumeleta majina matatu na gamba moja. Wewe umeleta nini?"

Hapo akasimama Bi Nunu. Alikuwa amekaa kwenye majani pembeni na wanawe watatu. Makame akafumba macho. Bi Siwatu hakufumba, alimkazia Bi Nunu macho.

"Si uongo," akasema Bi Nunu. "Nilikuruka mara tatu, kila mara na mtoto mdomoni. Mara ya tatu nilikukanyaga tumboni ili uamke. Ukageukia upande wa pili." Akakaa. "Soma, Baba watoto. Umefika pazuri."

Simba afanye nini? Kushuka ni kukubali kwamba barua ya pimbi imemshinda. Akajipa moyo kwamba mwisho utakuwa wa kuomba huruma, maana barua zote alizowahi kuletewa ziliishia hivyo. Akaongeza sauti ili aufikie upesi.

"Kuhusu udogo wetu, ni kweli, sisi ni wadogo. Mdogo huogopa, na anayeogopa ndiye anayetazama. Mkubwa hana sababu ya kutazama, hakuna kinachomla. Mkimweka juu asiyeogopa kitu, siku ya moto mtaungua naye yuko usingizini. Kwa hiyo, jabali libaki kwa pimbi!"

Pimbi, pimbi, pimbi, likasema korongo.

Na ng'ambo ile shingo ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, wanangu, shingo ya Twiga si jambo la kuharakisha, mpaka pembe zikagusa majani. Shhh.

Hata tai alikosa mpangilio wa mabawa.

Simba akaruka kutoka jiweni. Akasema hayo si maneno yake, yeye alikuwa anasoma tu.

"Desturi yako, Jumbe, haijawahi kuuliza maneno ni ya nani," akasema Bi Siwatu. "Imeuliza sauti ni ya nani. Sauti ilikuwa yako, na imevuka."

Simba akamsogelea. Akamsogelea mpaka pumzi yake ikalaza manyoya ya pimbi, na kwa taarifa yenu Makame alikuwa sahihi kuhusu ule mdomo. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo ndiyo mbaya, kwamba basi desturi haifai, na kilichosikika si lazima kiwe hukumu.

Bi Siwatu hakurudi nyuma hata kidogo. Akapandisha sauti, si kwa ajili ya Twiga sasa, kwa ajili ya waliokuwa wamekaa nyuma yake.

"Nakubali. Liseme hilo tena juu ya jiwe. Lakini likishavuka, kivuli cha Swala kinarudi leo, na dimbwi la Ngiri linarudi leo. Ulivipata kwa kusikika tu, hukuwahi kutoa sababu hata moja. Au hukumu inafaa ukishinda wewe, na haifai nikishinda mimi? Tueleze tofauti. Sisi hapa hatuna haraka."

Ngiri akasimama, mkia umenyooka juu kama antena ya redio.

"Hata mimi ningependa kulisikia jibu la hilo," akasema. "Taratibu tu, Jumbe. Nimeaga nyumbani."

Swala naye akasimama. Nyati akaziacha kwato zake. Punda Milia akamsahau mgeni. Walisimama tu, lakini walisimama wengi. Simba akatafuta macho ya Fisi, na Fisi alikuwa tayari amehamia upande wa pili wa umati, anamweleza Kobe jinsi ambavyo siku zote amewathamini pimbi.

Simba akafikiri. Siku hiyo hata alifikiri kimya kimya, mara ya kwanza. Jabali moja upande huu, kivuli na dimbwi upande ule, na desturi nzima katikati.

"Hukumu imesikika," akasema, akaondoka. Gome alitaka kulitupa korongoni, Bi Nunu akalichukua mdomoni mwake kwa upole, akasema atalisoma tena nyumbani, kuna sehemu aliipenda.

Kesho yake asubuhi pimbi walitoka kuota jua, mkubwa huku, mdogo kule, Makame katikati. Lakini jua hawakulifaidi sana, maana chini ya jabali kulikuwa na foleni. Swala alikuwa wa kwanza, kaja na gome lake. Alitaka aandikiwe kwamba kivuli ni chake kwa sababu ni chake. Na kutoka kileleni, bila kugeuka, Bi Siwatu akaanza kumuuliza maswali, na Makame akawa anamnong'oneza Swala kwamba ajibu kwa majina, mama yule hamjui Kila Mtu.

Na Twiga? Twiga tangu siku ile alikuwa mgumu. Ukimngurumia "Changu" anakutazama, masikio wima, anasubiri. Shingo haishuki mpaka asikie "kwa sababu".

Hadithi inatufunza hivi: dai lenye sababu na ushahidi, lililokwisha kuijibu hoja ya mpinzani, halihitaji kunguruma.

Msidhani nawapa kitu ambacho sijakijaribu mwenyewe. Juzi nilitaka kumthibitishia mke wangu kwamba mwanamume wa umri wangu hastahili kuosha vyombo. Nikachukua daftari, nikafuata mbinu zote. Nikaanza na hoja zake yeye, kwa haki kabisa, kwamba yeye ndiye aliyepika, kwamba mimi ndiye niliyekula kuliko wote, kwamba mikono ninayo miwili na yote mizima. Nikazipamba, nikazipanga, nikasimama sebuleni nikasoma kwa sauti ya jukwaani. Akanipigia makofi. Nikaona raha, nikainama kama wanavyoinama waigizaji, nikakaa.

Nilisahau kuandika "lakini". Kwa hiyo nisogezeeni masufuria hayo, na mmoja wenu aniletee sabuni.